Doa la Manjano Kwenye Kanzu: Asidi, Besi na Ridoksi kwa Swali Moja

Mchuzi wa bizari ukimwagikia kanzu nyeupe, doa lake huwa la njano. Anayefua akilipaka sabuni ya mche na kuanza kusugua, doa halififii. Linageuka jekundu lenye kahawia, mfano wa damu iliyokauka, na mwenye kanzu akipita hapo hushika kichwa. Likamulie ndimu: wekundu unaondoka papo hapo, njano inarudi. Paka sabuni tena, jekundu. Ndimu tena, njano. Mchezo huo unaweza kuurudia mara kumi. Lakini ianike kanzu hiyo kwenye jua kali la pwani ikiwa bado na doa, na baada ya siku chache doa litafifia hadi ulitafute usilione. Hapo hata ukileta ndimu za gunia zima, njano hairudi.

Nguo ni moja, doa ni moja, ila mabadiliko ni ya aina mbili. La sabuni na ndimu ni la kwenda na kurudi. La jua ni la kwenda bila kurudi. La kwanza ni habari ya asidi na besi, la pili ni habari ya oksidisho, na hizo ndizo mada mbili ambazo wengi waliosoma sekondari huzikumbuka kama orodha mbili za kukariri: asidi hugeuza karatasi ya litimasi kuwa nyekundu, besi huigeuza kuwa ya buluu, kuoksidishwa ni kupoteza, kurejeshwa ni kupata. Ukariri huo ulinitesa na mimi. Nilipokuja kuelewa baadaye kwamba mada zote mbili zinajibu swali moja, nilihuzunika kwamba hakuna aliyeniambia mapema. Swali lenyewe ni hili: nani kampa nani, na kampa nini?

Kwenye asidi na besi, kinachotolewa na kupokewa ni protoni. Kwenye oksidisho na urejesho, ambazo kwa pamoja huitwa ridoksi, kinachotolewa na kupokewa ni elektroni. Hakuna kutoa bila mpokeaji, na hakuna kupokea bila mtoaji. Mengine yote ni kufuatilia mali imetoka mkono gani na imeingia mkono gani.

Protoni, na jina lililokosewa

Kila atomi ina kiini chenye protoni zenye chaji chanya, na nje ya kiini zinazunguka elektroni zenye chaji hasi. Haidrojeni ndiyo ndogo kuliko zote. Haidrojeni ya kawaida ina protoni moja na elektroni moja, basi. Kwa hiyo ukiinyang'anya ile elektroni yake, kinachobaki ni protoni tupu. Ndiyo maana wanakemia wanaposema ayoni ya haidrojeni na wanaposema protoni wanazungumzia kitu kilekile.

Asidi ni kitu chenye haidrojeni ambacho kiko tayari kuachia protoni. Besi ni kitu chenye nafasi ya kuipokea. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1923 na watu wawili waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake: Johannes Brønsted kule Copenhagen na Thomas Lowry kule Cambridge. Kabla yao, mwaka 1884, Msweden Svante Arrhenius alikuwa ameeleza kwamba asidi ikiyeyuka majini hutoa ayoni za haidrojeni, na besi hutoa ayoni za haidroksidi, yaani oksijeni na haidrojeni zilizoshikana zikiwa na chaji hasi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Haikuwa makosa, ila ilikuwa finyu. Amonia, ile harufu inayopiga pua kwenye choo kisichomwagiwa maji, haina haidroksidi hata moja ndani yake, nayo ni besi. Inakuwaje? Amonia hupokea protoni kutoka kwa maji, na maji yaliyopokonywa ndiyo yanayobaki kuwa haidroksidi. Ukiitazama kwa jicho la kutoa na kupokea, amonia haina ajabu tena.

Maji nayo yana tabia ya kiungwana. Mbele ya asidi yanapokea protoni, mbele ya amonia yanatoa. Maji si asidi tu wala si besi tu. Yanakuwa hili au lile kulingana na aliyekaa naye.

Kosa moja la zamani bado linatuchanganya. Antoine Lavoisier, Mfaransa wa karne ya 18, alichoma salfa na fosforasi, akaona kinachotokana na moto huo kikiyeyuka majini kinatoa asidi. Akaamua kwamba kila asidi lazima iwe na ile hewa inayounguza, akaipa jina kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mzaa uchachu: oksijeni. Mwaka 1810 Humphry Davy, Mwingereza, akaonyesha kwamba asidi ya haidrokloriki, asidi ileile iliyomo tumboni mwetu, ina haidrojeni na klorini tu, bila chembe ya oksijeni. Mbeba uchachu alikuwa haidrojeni. Lakini jina lilikwisha kuenea, likabaki. Likazaa jina jingine lenye matatizo, oksidisho, ambalo humfanya mwanafunzi adhani oksijeni lazima iwepo, na tutaona kwamba si lazima. Majina yote mawili yamebeba makosa ya watu wema waliokuwa wakipapasa gizani, na mwanafunzi hana haja ya kujilaumu kwa kuchanganyikiwa nayo.

Kurudi kwenye doa. Rangi ya bizari hutokana na molekuli iitwayo kurkumini. Sabuni ya mche ni besi, kwa hiyo inapokonya protoni kutoka kwenye kurkumini. Molekuli iliyopokonywa hunyonya mwanga kwa namna nyingine, macho yetu yakaona wekundu. Ndimu ni asidi: inairudishia kurkumini protoni yake, na njano inarudi. Mwili wa molekuli haujavunjika. Ni protoni tu iliyokopwa na kulipwa. Sharubati ya choya hufanya vivyo hivyo: nyekundu ikiwa na ndimu, na ukiitia magadi inaelekea buluu na kijani. Mwalimu asiye na maabara ana choya, bizari, ndimu na magadi sokoni, na kwa pesa kidogo ana somo zima mezani.

Ukali si wingi

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Neno kali tunalitumia kwa mambo mawili tofauti. Siki ya dukani ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Katika molekuli 200 hivi za asidi hiyo, ni moja tu ambayo wakati wowote imeachia protoni yake majini. Zingine zimeshikilia. Kwa hiyo siki ni asidi dhaifu, hata ukiijaza pipa. Asidi ya haidrokloriki huachia karibu protoni zake zote mara moja, kwa hiyo ni asidi yenye nguvu, hata ikiwa tone moja kwenye ndoo. Udhaifu na nguvu ni tabia ya molekuli. Wingi ni kiasi ulichotia. Tone la asidi yenye nguvu kwenye ndoo ya maji linaweza kuwa salama mkononi, na asidi dhaifu isiyozimuliwa inaweza kuunguza ngozi.

Kipimo cha pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, hakipimi tabia ya molekuli. Kinapima protoni ngapi zimeachiwa huru majini. Maji safi katika joto la nyuzi 25 yana pH 7. Ukishuka ni asidi, ukipanda ni besi, na kila ngazi moja ni mara 10. Maji ya ndimu yana pH karibu 2, yaani protoni huru mara 100,000 kuliko maji safi. Damu yetu inakaa kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka humo kwa muda mrefu mtu yuko hatarini. Bahari iko karibu 8.1. Sabuni ya mche ni 9 au 10. Maji ya magadi yanafika 11.

Magadi yanastahili tuyatulie. Kaskazini mwa Tanzania upo Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, volkano ambayo lava yake haina mfano miongoni mwa volkano hai duniani. Imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, inatoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava ya kawaida, nayo ni nyeusi. Ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe kwa muda mfupi. Mawe ya kivolkano ya Bonde la Ufa, pamoja na chemchemi za moto, yanalisha Ziwa Natron, ambalo pH yake hupita 10, na ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya liko Ziwa Magadi ambako watu wamechimba magadi kwa biashara kwa zaidi ya miaka 100. Heroe wadogo huzaliana Natron kwa sababu karibu hakuna mnyama mwingine anayevumilia maji yale. Waarabu walipata kitu cha jamii ya magadi kwa kuchoma mimea ya nchi za chumvi na kuchuja majivu yake, wakakiita al-qali. Ndipo lilipotoka neno alkali, ambalo limezunguka Ulaya likarudi kwetu kwenye vitabu vya shule.

Sasa jikoni. Wapishi wetu wanajua kwamba maharage magumu huwekwa magadi kidogo yaive upesi, na kwamba ukitia nyanya au ukwaju kabla hayajalainika utachoma mkaa hadi usiku. Wanachokijua kwa mikono, kemia inakisema hivi: chembe za harage zimegandishwa pamoja na gundi iitwayo pektini. Besi huilegeza gundi hiyo, asidi huiimarisha. Basi. Mboga nazo zina siri yake. Ukijani wa mlenda au kisamvu unatokana na klorofili, ambayo imekumbatia atomi ya magnesiamu katikati yake. Majani yakichemka, asidi zilizomo ndani yake zinaachiwa, protoni zinaingia na kuing'oa magnesiamu, na mboga inakuwa na rangi ya kaki. Magadi huzidaka protoni hizo kabla hazijafika, mboga ikabaki ya kijani. Gharama yake ni vitamini B1, ambayo huharibika upesi kwenye besi. Ndiyo maana napenda magadi ya ncha ya kijiko, si ya kijiko kizima.

Chokaa inayorudi kuwa jiwe

Mfano wa asidi na besi ninaoupenda kuliko yote hauko kwenye chupa. Uko kwenye kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Kilwa. Wajenzi wa kale walipanga magogo, wakaweka mawe ya matumbawe juu yake, wakawasha moto mkubwa. Matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe linaachia gesi ya kaboni dayoksaidi, na katika kila kilo 100 za jiwe safi zinabaki 56 tu za chokaa mbichi. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji inachemka na kutoa moshi, na ndiyo sababu tunasema chokaa inazimwa, kana kwamba bado ina moto ndani. Kinachopatikana ni kalsiamu haidroksidi, besi yenye pH ya zaidi ya 12, inayokula ngozi ya mikono ya anayeichezea bila kinga.

Ikipakwa ukutani, kazi inaendelea bila mtu. Hewa tunayoitoa puani ina kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ikiyeyuka kwenye unyevu inakuwa asidi dhaifu, ileile inayochoma ulimi kwenye soda. Asidi hiyo ya hewani inakutana na besi ya ukutani, zinazimana, na kinachozaliwa ni kalsiamu kaboneti, yaani jiwe lilelile la baharini. Ukuta unakuwa jiwe tena polepole, kwa miezi na miaka. Kumbuka jambo hili: kwenye ukuta wa chokaa, kaboni dayoksaidi ya hewani inaimarisha jengo.

Elektroni, kutoka Buhaya hadi paa la bati

Tuingie upande wa pili. Magharibi mwa Ziwa Victoria, Buhaya, watu walikuwa wakipata chuma kutoka kwenye mawe takriban miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao walichapisha waliyoyaona mwaka 1978. Udongo wa kichuguu, nyasi za bwawani zilizochomwa, mkaa, viriba vya kuvuvia upepo. Hakuna umeme wala saruji.

Jiwe la chuma ni atomi za chuma zilizofungwa na oksijeni. Katika kifungo hicho oksijeni imejivutia elektroni za chuma. Kila atomi ya chuma imepungukiwa elektroni tatu. Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi yenye uroho wa oksijeni. Inaipokonya jiwe oksijeni yake na kuondoka ikiwa kaboni dayoksaidi, nacho chuma kinarudishiwa elektroni zake na kubaki chuma kitupu. Gesi hiyohiyo ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Haina harufu, haina rangi, na huwahi nafasi ya oksijeni kwenye damu. Tafadhali, jiko lisilale ndani.

Waliopata elektroni wanasemekana kurejeshwa, na neno la Kilatini lililozaa istilahi hiyo lina maana ya kurudisha: jiwe limerudishwa kuwa metali. Waliopoteza elektroni wameoksidishwa. Vitabu huongeza namba za oksidisho, ambazo ni daftari tu la kuhesabu nani anadaiwa elektroni ngapi. Chuma kitupu ni sifuri, chuma cha kwenye jiwe ni chanya 3. Ukijua daftari ni la nini, namba hazitishi.

Oksijeni si lazima iwepo. Tumbukiza msumari kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba wanayopulizia mizabibu. Baada ya muda msumari unavaa koti la shaba nyekundu, na ubuluu wa maji unapungua. Chuma kimetoa elektroni, shaba iliyokuwa majini imezipokea na kuganda. Hakuna oksijeni iliyoshiriki hapo, na bado chuma kimeoksidishwa.

Kutu ni safari ya Wahaya kinyumenyume. Chuma kinatoa elektroni, oksijeni ya hewani ikisaidiwa na maji inazipokea, na chuma kinarudi kuwa kitu kinachofanana na jiwe lake la asili. Sehemu inayotoa na sehemu inayopokea si lazima ziwe mahali pamoja. Elektroni husafiri ndani ya chuma kutoka nukta moja hadi nyingine, na maji yaliyolowanisha uso hukamilisha mzunguko. Kwa hiyo kila baka la kutu ni betri ndogo isiyo na balbu. Chumvi ya bahari huyafanya maji yapitishe chaji kwa urahisi zaidi, na ndiyo sababu baiskeli ya Dodoma huzeeka kwa heshima wakati ya Bagamoyo inaliwa ikiwa bado mpya.

Mabati yanapakwa zinki kwa sababu zinki ni mwepesi zaidi wa kutoa elektroni kuliko chuma. Bati likikwaruzwa hadi chuma kuonekana, zinki iliyo pembeni inatoa elektroni zake kwa niaba ya chuma. Inajitoa mhanga, tena kwa maana halisi: inaisha yenyewe ili chuma kibaki. Mabaharia hufunga vipande vya zinki chini ya meli za chuma kwa sababu hiyohiyo, na hubadilisha vikimalizika.

Zinapokutana

Kitabu huzitenga mada hizi kwa sura tofauti. Maisha hayazitengi.

Tazama ghorofa la pwani lenye miaka 20, nguzo zimepasuka na vipande vya zege vinabanduka, nondo zinachungulia zikiwa na kutu. Saruji ikishikana na maji huzaa ndani yake ile chokaa iliyozimwa, kwa hiyo zege jipya lina pH ya 12 hadi 13. Katika mazingira hayo ya besi, uso wa nondo unajivika utando mwembamba sana wa oksaidi unaozuia elektroni zisiendelee kutoka. Besi ndiyo inayoilinda nondo. Lakini kaboni dayoksaidi ya hewani inapenya taratibu na kuizima besi hiyo, kama inavyofanya kwenye ukuta wa chokaa. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe hapana shida, maana dari zilibebwa na boriti za mikoko. Ndani ya zege lenye nondo, mmenyuko uleule ulioimarisha ukuta wa kale unavua ngao ya chuma. pH ikishuka karibu na 9, utando unashindwa, elektroni zinaanza kutoka, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Zege linapasuliwa kutoka ndani.

Chumvi ni mbaya zaidi, kwa sababu haingoji besi iishe. Ayoni za kloraidi zilizomo kwenye chumvi huutoboa utando hata pH ikiwa bado juu. Anayejenga kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, au anayechanganya zege kwa maji ya bahari ili aokoe pesa ya boza, amezipanda kloraidi hizo kwenye nguzo tangu siku ya kwanza. Tabaka nene la zege juu ya nondo, mchanga wa mtoni, maji ya bomba na umwagiliaji wa siku za mwanzo vina bei. Lakini watu watalala chini ya dari hiyo, na nondo inayooza ndani ya zege haisikiki.

Betri ya gari ni mahali pengine pa kukutana. Gaston Planté, Mfaransa, aliibuni mwaka 1859. Upande mmoja una metali ya risasi tupu, wa pili risasi iliyooksidishwa, na kati yake asidi ya salfuriki. Betri ikitoa umeme, risasi inatoa elektroni zinazopita kwenye waya, na asidi inatumika kwa pande zote mbili huku maji yakizaliwa. Fundi anayetumbukiza haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri, anapima hilo: maji ya betri iliyojaa yana uzito mara 1.28 hivi ya maji safi, ya iliyochoka yanakaribia 1.1. Ikichajiwa kupita kiasi, kinachopotea ni maji, si asidi, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke wake. Anayezimua asidi aimimine asidi kwenye maji kidogo kidogo, kamwe asimimine maji kwenye asidi, kwani joto lake hulipuka usoni. Na asidi ikimwagikia ngozi, ni maji mengi ya bomba kwa dakika nyingi. Usikimbilie magadi: kuzimana kwa asidi na besi kunatoa joto, na jeraha linaungua mara ya pili.

Nimeacha mwisho lile linaloniogopesha zaidi, kwa sababu liko bafuni mwa nyumba nyingi. Dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi wetu tunaiita jiki, ni sodiamu haipokloriti, kitu chenye njaa kubwa ya elektroni. Inaondoa doa kwa kuzipokonya molekuli za rangi elektroni hadi zivunjike. Njaa hiyo imetulizwa kwa kuwekwa kwenye maji ya besi. Dawa nyingi za kusafishia choo, kwa upande wake, ni asidi ya haidrokloriki. Mtu anayetaka choo king'ae anamimina hii, kisha ile, akiamini mbili zina nguvu kuliko moja. Protoni za asidi zinaimaliza besi, haipokloriti inafunguliwa, inapokonya elektroni kutoka kwa kloraidi iliyomo kwenye asidi yenyewe, na kinachopanda kutoka kwenye sinki ni gesi ya klorini, ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwaachia maadui zake Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Ndani ya mapafu inakutana na unyevu na kuzaa asidi humohumo. Siki na ndimu zinaweza kufanya vivyo hivyo, na amonia, hata ya mkojo mwingi uliokaa, hutoa gesi nyingine zenye sumu. Ukisikia harufu kali inayokata pumzi, acha kila kitu, toka nje kwenye hewa, watoe watoto, na usirudi kuchukua ndoo. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na anayekohoa bila kukoma apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata akisema amepata nafuu.

Peke yake, kwenye beseni la maji safi, dawa hiyo hufanya kazi yake vizuri. Chovya pamba kwenye dawa iliyozimuliwa na uiguse kwenye doa la bizari la kanzu ya pamba, halafu utazame usipepese macho. Kwanza doa linawaka wekundu, maana besi imekwisha kuchukua protoni. Kisha wekundu wenyewe unaanza kuchujuka kuanzia kingoni kwenda katikati, elektroni nazo zinaondoka, hadi kitambaa kinabaki cheupe.